Mkuki wa Cheptonon

Usiku wa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016, tulijazana sebuleni kwa Mwalimu, Ngagara, tukimngoja binti wa Ruyigi akimbie. Fainali ya mita 800 za wanawake ilipangwa kuanza Rio saa tatu na robo usiku, na kwetu Bujumbura hiyo ni saa nane na robo, mapambazuko yangali mbali. Waliokuja walifika kabla giza halijaingia, kila mmoja na shuka lake, maana mwaka ule kutembea usiku katika kartiye zetu halikuwa jambo la busara. Yaliyotupata 2015, wakati wa maandamano, yalikuwa bado mabichi. Ukishaingia nyumba ya watu jioni, unalala humo humo.

Francine Niyonsaba hakuonekana upesi. Kamera zilikuwa zikirudi kila mara upande mwingine wa uwanja, kwa wanaume wenye mikuki. Watoto wakaanza kulalamika. Mmoja akauliza Mkenya anafanya nini pale wakati mbio ziko huku.

“Huyo ni Yego,” Mwalimu akasema. “Tulia, mwanangu, umtazame vizuri. Huyo alijifundisha mwenyewe.”

Mwalimu alifundisha michezo katika shule za mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na Ngagara nzima haimwiti jina lingine. Sauti aliyoitumia usiku ule niliijua. Ndiyo aliyokuwa akiitumia zamani uwanjani, alipotaka tuache mzaha. Julius Yego alikuwa tayari ameshatupa mkuki wake wa kwanza, mita 88.24, na alikuwa akiongoza dunia.

Sisi tuliosoma Bujumbura, mchezo wa kurusha tuliokutana nao ni tufe. Shuleni kwetu lilikuwepo moja, la chuma, lenye kutu, likikaa stoo pamoja na majembe. Tufe la wanaume lina kilo 7.26, la wanawake kilo 4, na mshindani husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, asitoke kwa mbele. Haya yote Mwalimu alituandikia ubaoni. Kisha akatutoa nje na kutuonyesha kosa ambalo kila mtoto hulifanya, kulitupa tufe kama anayetupa jiwe la kufukuzia mbuzi. “Tufe halirushwi, wanangu. Linasukumwa.” Linaanzia shingoni, chini ya taya, na nguvu yake inatoka mguuni, inapanda kiunoni, inapita begani, mwisho ndipo mkono unapomalizia. Mkono ukitangulia, tufe linaanguka karibu na kidole cha mguu.

Miaka mingi baadaye aliniambia jambo lililonikaa moyoni. Katika maisha yake yote ya kufundisha tufe, hakuwahi kusimama karibu na bingwa wa tufe akamwona anavyofanya. Alijifunza katika michoro ya kitabu kimoja cha Kifaransa, picha saba za mtu asiye na uso, na kati ya picha moja na nyingine kulikuwa na pengo ambalo ilimbidi alijaze mwenyewe kwa kukisia. Alitufundisha makisio yake. Ndiyo sababu, nadhani, alimtazama Yego kwa macho yale.

Watu wa nje wakitueleza sisi wa nchi hizi, hupenda kusema habari za damu. Mrundi, Mkenya na Muhabeshi wameumbwa kukimbia, na habari ya kurusha ni ya watu wenye vifua vipana wa Ulaya na Marekani. Lakini historia ya eneo letu haikubali maneno hayo. Mwaka 1907 msafara wa Mjerumani Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda, na katika kasri la Mwami Musinga kule Nyanza vijana waliruka juu mbele ya wageni. Mchezo huo huitwa gusimbuka. Picha iliyopigwa siku hiyo inamwonyesha kijana yuko hewani, na chini ya ufito anaouvuka wamesimama wanaume wawili wazima, Duke mwenyewe akiwa mmoja wao. Wajerumani waliandika kwamba wapo walioruka mita 2.50, wakati ambapo rekodi ya dunia ilikuwa bado chini ya mita 2. Warukaji wale walianzia kwenye kilima kidogo cha udongo, na vipimo havikuwa vya shirikisho lolote, kwa hiyo takwimu zenyewe nazishika kwa tahadhari. Picha, hata hivyo, ipo. Ulaya ilitabiri mabingwa wa Olimpiki kutoka Maziwa Makuu, mabingwa wa kuruka juu. Hawakupatikana, kwa sababu hakuna aliyewajengea vijana wale uwanja wala kumfundisha mtoto aliyefuata, na mchezo ukabaki kuwa picha.

Vivyo hivyo mwaka 1954, katika michezo ya Dola ya Uingereza kule Vancouver, Mwafrika alishinda kuruka juu, Emmanuel Ifeajuna wa Nijeria, na wa pili wake alikuwa Patrick Etolu wa Uganda. Mwaka 1982, Brisbane, Mtanzania Zakayo Malekwa alitwaa shaba ya mkuki katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Watu wa kuruka na kurusha tulikuwa nao. Kilichokosekana ni mfuatano, mtu wa leo kumkabidhi wa kesho.

Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika kijiji cha Cheptonon, nchi ya Wanandi, magharibi mwa Kenya. Anayejua riadha akisikia Nandi anafikiria jambo moja tu. Huko ndiko alikotoka Kipchoge Keino, na Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 katika muda wa siku 81, na Wilfred Bungei na Pamela Jelimo walioshinda mita 800, wanaume na wanawake, katika Olimpiki ile ile ya Beijing 2008. Mtoto wa Nandi mwenye mapafu hana haja ya kutafuta mwalimu. Barabara imejaa walimu kila alfajiri, wanapita mbele ya lango lao wakihema, na yeye anawafuata nyuma. Ndivyo mbio zinavyorithishwa, kwa macho, bila kitabu.

Mtoto huyu alichunga ng'ombe pamoja na kaka yake, na huko malishoni walishindana kurusha vijiti walivyovichonga wenyewe. Kaka alikuwa mkubwa na alishinda, mpaka siku zilipofika ambapo mdogo alianza kumpita. Hadithi kama hii angeweza kuisimulia mtoto wa kijiji chochote kati ya Nandi na Makamba. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha. Alipofika sekondari alikuwa akirusha mkuki wa mashindano ya shule, na alipomaliza alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa Kenya. Sifa hiyo ilikuwa ya nyumbani tu, maana nje ya Kenya hakuna aliyehesabu mkuki wa Kenya.

Wapo waliosema baadaye kwamba mkuki ni wa asili kwa Wanandi. Ni kweli kwamba Wanandi walipambana na Waingereza kwa mikuki kwa miaka kumi, tangu 1895 hadi Oktoba 1905, alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Heshima ya vita vile siigusi. Lakini mkuki wa Koitalel na mkuki wa Olimpiki inashirikiana jina tu. Mkuki wa Olimpiki wa wanaume una gramu 800 na urefu wa mita 2.6 hadi 2.7, na uzito wake umepangwa kwa hesabu. Mwaka 1984, Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliurusha mita 104.80, na wakubwa wa riadha wakaogopa kwamba siku moja utafika kwa watazamaji. Basi kuanzia 1986 kitovu cha uzito kikasogezwa mbele sentimita 4 ili ncha ianguke mapema. Chombo cha namna hiyo hakirushwi kwa kumbukumbu ya mababu. Mrushaji anakimbia nao, kisha hatua za mwisho anazipiga kwa ubavu, miguu ikipishana, mkono umenyooka nyuma. Halafu mguu wa kushoto unapigwa chini kama kigingi. Mwili mzima unasimama ghafla, na mwendo wote uliokuwa ndani yake hauna pa kwenda ila mkononi. Mkuki unatoka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Ni kanuni ile ile ya tufe aliyotuandikia Mwalimu: mguu, kiuno, bega, mkono mwisho. Pembe ikikosewa kidogo tu, mita kumi zimepotea. Mambo haya lazima mtu aonyeshwe.

Nani angemwonyesha? Kenya ya wakati ule ilikuwa na makocha wa mbio wa kuuza nje, na kwa mkuki haikuwa na mtu. Basi Yego alienda saiba, vile vyumba vya intaneti vya kulipia kwa dakika ambavyo sisi wa Bujumbura pia tulivijua, vyenye feni inayopiga kelele na kompyuta zinazochelewa. Aliingia YouTube akawatafuta watu wawili. Mmoja ni Jan Železný wa Ucheki, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, 1992, 1996 na 2000, na rekodi ya dunia ya mita 98.48 aliyoiweka Jena mwaka 1996, ambayo hadi leo haijaguswa. Wa pili ni Andreas Thorkildsen wa Norwei, bingwa wa Athens 2004 na Beijing 2008. Aliwatazama wanavyoweka mguu na wanavyochelewesha mkono. Alirudisha nyuma, akatazama tena, akatoka kwenda kujaribu yale macho yaliyoyabeba. Wakenya walimpachika jina la Bwana YouTube, na dunia ikalipokea.

Jina hilo watu hulichekea, nami silioni kuwa la kuchekesha. Namfikiria Mwalimu na michoro yake saba. Kati ya mchoro na mchoro palikuwa na pengo. Filamu haina pengo. Mtoto wa Cheptonon aliyelipa shilingi zake za dakika kumi alipata alichokikosa mwalimu wetu kwa miaka thelathini: alimwona bingwa akitembea.

Hapa ndipo pana jambo lililonishangaza nilipoanza kupanga tarehe. Dhahabu ya pili ya Železný ilipatikana Atlanta tarehe 3 Agosti 1996, kwa mita 88.16. Mrundi yeyote wa umri wangu anaijua tarehe hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Jioni hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, Vénuste Niyongabo wa Vugizo alishinda mita 5000 kwa dakika 13:07.96, na Burundi ikapata dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza kabisa. Sifa zake zote zilikuwa za mita 1500. Alikuwa na shaba ya dunia ya 1995 katika umbali huo. Mita 1500 za Atlanta akamwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, mtu aliyehangaika kwa miaka ili nchi iruhusiwe kushiriki Olimpiki na ambaye ujana wake wa kukimbia ulikuwa unakwisha kabla hajashiriki hata moja. Niyongabo akaingia umbali ambao alikuwa hajaukimbia zaidi ya mara chache, na akashinda. Nyumbani, siku tisa kabla, tarehe 25 Julai, jeshi lilikuwa limechukua madaraka, na nchi jirani zilikuwa zimekwisha tangaza vikwazo. Ngagara ya siku zile ilikuwa na vita mlangoni. Nilikuwa mtoto, habari tuliipata redioni, na nakumbuka watu wazima wakitazamana kabla ya kufurahi, kama wanaoulizana kama inaruhusiwa.

Kwa hiyo usiku ambao sisi tulipata dhahabu yetu, mwalimu wa Yego alikuwa uwanjani hapo hapo akirusha. Yego alikuwa na miaka saba, yuko malishoni na kaka yake.

Mwaka 2010 ubingwa wa Afrika ulifanyika Nairobi, na Yego akapata shaba kwa mita 74.51. Mwaka 2011, katika Michezo ya Afrika kule Maputo, alirusha mita 78.34 akatwaa dhahabu. Dhahabu ya Maputo ndiyo iliyomfungulia mlango. Shirikisho la riadha la dunia lilimpa nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. Finland na mkuki ni kama Nandi na mbio. Huko mkuki hupendwa na taifa zima, na mtoto hukua akiwaona wakubwa wakirusha. Baada ya miaka ya kutazama watu wasiomwona, Yego alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya mtu aliyeweza kumwambia: hapa umekosea.

Mapenzi yangu kwa hadithi ya saiba hayanifanyi nisahau hili. Yego mwenyewe hakudai kwamba kioo kilitosha. Kioo kilimfikisha Maputo, Finland ikamfikisha penginepo.

London 2012 alivunja rekodi ya taifa katika mchujo kwa mita 81.81 na kuingia fainali, akamaliza wa kumi na mbili. Dhahabu ilikwenda kwa Keshorn Walcott, kijana wa miaka 19 kutoka Trinidad na Tobago, visiwani ambako mkuki nao haukuwa na jina. Moscow 2013 alirusha mita 85.40 na kuwa wa nne, sentimita 83 nyuma ya medali ya shaba. Glasgow 2014 alishinda Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mita 83.87, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mkuki wa michezo hiyo. Mwaka huo huo, Marrakech, akawa bingwa wa Afrika kwa mara ya pili. Juni 2015, Birmingham, mkuki wake ulitua mita 91.39, na sasa hata Wajerumani na Wacheki walianza kutazama video zake yeye.

Tarehe 26 Agosti 2015, Beijing, fainali ya ubingwa wa dunia. Kwetu ulikuwa mchana. Ngagara ilikuwa mojawapo ya kartiye zilizoandamana tangu Aprili, na redio binafsi za mji zilikuwa zimenyamazishwa tangu Mei, kwa hiyo habari zilipita kwenye simu, kutoka mtu hadi mtu, na nyingi zilikuwa habari ambazo hukutaka kuzifungua. Siku ile Mwalimu alinitumia ujumbe wa namba tupu: 92.72. Sikujua ni kitu gani. Nilidhani ni namba ya nyumba au ya gari. Nikampigia kwa hofu, na akaniambia, “Ni Yego, mwanangu. Jaribio la tatu.”

Filamu yake niliiona baadaye. Yego ana mtindo wake: akiachia mkuki mwili huufuata mbele, akaanguka kifudifudi, mikono chini, na hubaki hapo akiinua kichwa kutazama unakokwenda. Siku hiyo alikaa chini muda mrefu kuliko kawaida. Mita 92 na sentimita 72 ilikuwa rekodi ya Afrika na ya Jumuiya ya Madola. Wakati huo ni watu wawili tu waliokuwa wamewahi kurusha mbali zaidi kwa mkuki wa aina ile, Železný na Aki Parviainen wa Finland. Na rekodi ya mashindano yenyewe ya ubingwa wa dunia, mita 92.80, aliiweka Železný Edmonton mwaka 2001. Mwanafunzi wa saiba alimkosa mwalimu wake kwa sentimita 8.

Wa pili alikuwa Ihab El-Sayed wa Misri, mita 88.99, naye pia alipitia mikononi mwa Piironen. Waafrika wawili juu, Mfini Tero Pitkämäki wa tatu. Siku moja kabla, Mkenya mwingine, Nicholas Bett, alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi. Kenya ilimaliza mashindano yale ikiongoza jedwali la medali, saba zikiwa dhahabu. Na Yego ndiye Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wa kurusha au kuruka.

Baada ya ushindi kama ule mtu angetarajia mambo yawe mepesi. Mwaka uliofuata, akielekea Rio, bingwa wa dunia alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akakuta tiketi yake haipo, ikabidi itafutwe. Na alifika Brazil mwili ukiwa na maumivu.

Nimerudi basi sebuleni kwa Mwalimu. Jaribio la kwanza la Yego, mita 88.24, lilisimama mbele kwa muda mrefu, na Mwalimu hakutaka mtu azungumze. Wengine wetu tulikuwa tukitazama mbio zinazojipanga. Francine akaonyeshwa kwenye kijia chake, akajigusa uso, na nyumba nzima ikasimama. Bunduki ikalia. Kwa dakika mbili kasoro hakuna aliyekumbuka mkuki. Aliongoza, akapitwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, akashika nafasi ya pili kwa dakika 1:56.49, Margaret Wambui wa Kenya nyuma yake. Ilikuwa medali ya pili ya Olimpiki katika historia ya Burundi, miaka ishirini baada ya ile ya Niyongabo. Tulipiga kelele bila kujali usiku. Kelele zikajibiwa kutoka nyumba ya pili, na ya tatu, na kutoka upande wa Cibitoke, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi kelele za usiku Ngagara hazikumfanya mtu alale sakafuni.

Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa bado ameketi, akilia na kutazama. Kioo kilikuwa kimerudi upande ule mwingine. Thomas Röhler wa Ujerumani alikuwa amefika mita 90.30, na Yego hakuwa na mguu wa kumjibu. Aliumia wakati wa fainali, na alitolewa uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, akiwa na fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya katika mchezo wa kurusha au kuruka. Usiku wa dhahabu ya Burundi mkuki ulikuwa mikononi mwa Železný. Usiku wa fedha ya Burundi ulikuwa mikononi mwa mtu aliyejifunza kwake bila kukutana naye. Medali zote mbili tulizonazo zina mkuki pembeni yake, na sisi hatujawahi kugeuza shingo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maumivu na kungoja. London 2017 hakuonekana kwenye medali. Dhahabu za Afrika aliendelea kuzikusanya, Asaba 2018, kisha Michezo ya Afrika ya Rabat 2019 kwa mita 87.73, lakini Tokyo hakuvuka mchujo. Wengi walimfungia hesabu. Yeye alikuwa askari polisi mwenye kazi na mshahara, angeweza kustaafu kwa amani na hakuna ambaye angemlaumu. Akashinda Afrika tena 2022, akapata shaba ya Jumuiya ya Madola Birmingham kwa mita 85.70, na 2024, Douala, akawa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Katika miaka hiyo mkuki wenyewe ulihama. Aliyeshinda Birmingham alikuwa Arshad Nadeem wa Pakistani, mtoto wa kijijini naye, na bingwa wa Olimpiki wa Tokyo alikuwa Neeraj Chopra wa India. Mchezo uliokuwa wa Wafini na Wajerumani sasa ulikuwa na watu wa pande zote.

Paris na Bujumbura wakati wa kiangazi huwa na saa zile zile, kwa hiyo tarehe 8 Agosti 2024 hatukulazimika kukesha. Nadeem alirusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki, na kuvuka hata kile kilele cha Yego cha Beijing. Yego, mwenye miaka 35, alirusha mita 87.72, sentimita moja tu pungufu ya Rabat, akawa wa tano. Mwalimu, ambaye siku hizi miguu haimtii, aliomba kiti kitolewe nje kesho yake asubuhi, kiwekwe langoni.

Mwaka ule mafuta yalikuwa adimu Burundi nzima na magari barabarani yalihesabika. Barabara ya kartiye ilikuwa nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Akawaita watoto wa mtaa, akamchagua mmoja mwenye miguu mirefu, msichana, akamwambia apige hatua kubwa kubwa kuanzia pale kwenye kiti, yeye atahesabu. Watoto wengine walimfuata nyuma. Hatua ya ishirini walipita duka la kwanza. Hatua ya hamsini sauti ya Mwalimu haikuwafikia tena, ikabidi nisimame katikati nikipokea namba na kuipaza. Sabini. Themanini. Wale wadogo walidhani tumekosea, wakageuka kutazama lango, ambalo sasa lilikuwa dogo kama kiberiti. Themanini na saba. Nikainua mkono, msichana akasimama, akachora mstari vumbini kwa kisigino.

“Ni hapo?” akapaza sauti.

Mwalimu hakusikia. Nikamjibu mimi kwamba ni hapo. Alitazama mstari, akatazama lango kule mbali, akaokota kijiti kilichokuwa pembeni ya mtaro, akakipima uzito mkononi.